Sweta la Mtu Nisiyeruhusiwa Kumtazama

Tangu nirudi kutoka Ileje sijapata kufuma hata mkono mmoja wa sweta kwa utulivu. Kila mwanakwaya anayepita dukani anaingia, anakalia kiti cha wateja na kusema, "Haya Mama Neema, ilikuwaje huko?" Nimesimulia mpaka mate yamekauka, na nimegundua kwamba mkishatoka hapa mnaongeza ya kwenu. Juzi nimesikia kwamba nililala porini na fisi. Sikulala porini. Basi naandika mara moja, msomeane, na anayemtaka fisi amweke mwenyewe.

Kazi yangu mnaijua: mashine ya kufumia na masweta ya shule, hapa hapa Tunduma karibu na soko. Majivuno yangu pia mnayajua, kwa kuwa nayasema kila siku. Mimi simpimi mtu kwa futi. Namtazama anavyoingia mlangoni, bega, kifua, mkono, basi. Mtoto wa shule, kondakta, mchungaji mwenye kitambi, wote nimewafumia kwa macho na hakuna aliyerudisha.

Yupo mmoja tu nisiyeweza kumpima hivyo, naye ni baba mkwe wangu. Ukoo wa mume wangu wanashika mila. Mwanamke haonani uso kwa uso na baba wa mumewe. Hamsemeshani, hamtajani majina, na mkikutana njiani mmoja anaacha njia. Ndiyo maana hata hapa jina lake sitaliandika. Siku ya harusi yetu yeye alikaa nyuma ya nyumba na wazee wenzake, nami nilikuwa nimefunikwa kitenge. Msibani kwa mama mkwe sikutoka jikoni. Picha yake ikitokea kwenye simu ya mume wangu, nageuza uso.

Lakini kila mwaka, kabla ya baridi ya Juni, namfumia sweta na kumpelekea. Na kila mwaka jibu ni lile lile: limefika. Nilipombana wifi yangu Tusekile, ambaye anaishi naye huko milimani, akaniambia, "Hajavaa hata moja, wifi." Nikamuuliza kwa nini. "Muulize mwenyewe," akasema, halafu akakata simu. Nimuulizeje mtu nisiyeruhusiwa kumsemesha?

Hilo ndilo lililonitoa nyumbani. Kimya cha mila na kimya cha mtu asiyekupenda vinafanana sana ukiwa upande wa kusikiliza, nami nilichoka kutojua changu ni kipi. Mimi ni Mnamwanga wa Tunduma, mtu wa biashara, na nilishasikia minong'ono kwamba mzee alimtakia mwanawe binti wa kule kule.

Sababu ya kwenda ikapatikana. Mzee ameigeuza nyumba yake ya zamani kuwa makumbusho, amejaza vitu vya kale, na mgeni yeyote anakaribishwa. Nikasema, mimi nami ni mgeni yeyote. Mume wangu alikuwa anisindikize, ila lori lake likakwama kwenye foleni ng'ambo, Nakonde. Nikamchukua Bwalya, rafiki yangu Mzambia anayenunua masweta yangu kwenda kuyauza kwao. Yeye alikuwa na sharti moja. "Bana Neema," akasema, maana kwao ndivyo wanavyomwita mama fulani, "siwezi kutazama vyungu vya mkweo kabla sijaona lile jiwe la mbinguni."

Tunduma mpaka Ihanda, na viazi

Jiwe la mbinguni ni kimondo cha Mbozi, na ukitaka kwenda Ileje siyo njia yake kabisa. Unaiacha njia panda ya Mpemba, unakwenda mbele mpaka ng'ambo ya Vwawa na Mlowo, halafu unarudi. Lakini hakuna anayebishana na Bwalya akashinda. Tulipanda kosta asubuhi, yeye akiwa na kofia ya jua, mwavuli, na kapu la chakula kana kwamba tunahama.

Kosta ilifika Ihanda ikatoa mlio, halafu moshi, halafu dereva akatoa tusi dogo. Mkanda wa feni ulikuwa umekatika. Akasema fundi yuko njiani. Fundi alikuwa njiani kwa muda ambao mama mmoja wa pale barabarani aliwasha moto, akachemsha sufuria zima la viazi mviringo, viazi vikaiva, tukala, akachemsha la pili.

Bwalya alitoa kwenye kapu lake mboga za majani alizopika kwao na karanga za kusaga. Yule mama akaonja kwa kijiko, akafumba macho. "Hii ni nini, dada?"

"Ifisashi, mukwai. Kwetu tunakula na nshima."

"Nshima ni nini?"

"Ugali."

"Sasa si useme ugali!" Abiria wote tukacheka. Kiazi kimoja kwa kijiko kimoja, wakabadilishana mpaka kapu likaisha. Chakula nilichopanga tule njiani kiliishia Ihanda, tena bila mimi kuulizwa. Nilinuna kidogo, lakini viazi vya Ihanda vina unga ndani, na ni vigumu kununa ukiwa unakula.

Jiwe lisilotaka sweta

Tulifika kwenye kimondo mchana, juu ya bodaboda, tumepakwa vumbi jekundu mpaka kope. Nilitegemea jiwe. Kumbe ni pande la chuma, jeusi, limelala juu ya kiguzo chake kwa raha zake, kubwa kuliko gari dogo. Pale kuna nyumba ya makumbusho pia, na dada mmoja mchangamfu akatutembeza. Alitueleza kwamba lilishuka zamani sana, kabla ya kumbukumbu ya watu wa hapa, na akatuonyesha pembeni ambapo watu wa utafiti walikata kipande.

Bwalya alizunguka mara kadhaa, akaligonga kwa kidole, akaweka sikio. "Lingeangukia Tunduma," akasema, "lingekuwa limeshauzwa chuma chakavu kabla halijapoa."

Mimi, kwa mazoea, nilikuwa nimeshalipima. Nikamwambia yule dada kifua cha kimondo kingekula uzi wa shule nzima, na shingo sikuiona. Akacheka mpaka akaegemea uzio. Nikamwambia yeye mwenyewe anavaa saizi gani, bega na mkono, bila kumgusa. Akatazama lebo ya sweta lake ndani ya shingo, akakuta ni kweli. "Mama, wewe ungewekwa humu makumbusho," akasema. Nilivimba kichwa, siwafichi. Nilitoka pale nikitembea kama niliyekiangusha kimondo mwenyewe.

Usiku tulilala Vwawa kwa shangazi yangu. Hakukuwa na fisi.

Mpemba kupanda Ileje

Siku iliyofuata tulirudi Mpemba na kushika barabara ya Isongole. Niliipita mara moja tu, wakati wa msiba, na msibani mtu haoni milima. Safari hii niliona. Barabara inapanda, inajikunja, inakuonyesha bonde, inakunyima, inakuonyesha tena. Vilima vimepangana nyuma ya vilima, vya karibu kijani, vya mbali buluu, vya mbali zaidi huwezi kusema ni mlima au ni wingu. Mashamba yamebandikwa kwenye miteremko ambayo mimi ningeishuka kwa makalio, na watu wanalima wamesimama wima. Ukungu ulikuwa umekaa mabondeni kama maziwa kwenye bakuli, na kwenye kila kilele kulikuwa na jua.

Bwalya, ambaye kwao ni tambarare, alishika mkono wangu kila kona. "Mayo! Mayo!" Halafu kwenye kona moja wingu likafunguka, dereva akatuonyesha kwa mdomo upande wa Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe, milima mingine tena. Bwalya akaniachia mkono. Akaivua kofia yake ya jua. Nilifurahi sana kuwa hai siku ile, sina namna nyingine ya kuieleza.

Baridi nayo ilitukaribisha. Niliwaza masweta yangu yote yaliyopanda barabara hii, na mtu asiyevaa hata moja.

Wazee watatu, na mmoja

Kutoka Isongole tulipanda kwa miguu. Njiani nilimfundisha Bwalya adabu. Nikamwambia wifi hajui tunafika saa ngapi, baba mkwe anaweza kutokea popote, na nikimwona lazima niache njia na kujifunika.

"Ni mchawi?"

"Ni baba mkwe!"

"Kwetu anayekwepa ni mkwe mwanaume, anamkwepa mama mkwe," akasema. "Lakini mwisho anapikiwa, mambo yanaisha. Sasa wewe utamjuaje, kama hujamwona?"

Hapo nilikuwa nimejiandaa. Mwaka wa kwanza nilimuuliza mume wangu baba yake ana mwili gani, akanijibu bila kuinua macho kwenye sahani, "Kama mimi tu." Na mume wangu mnamjua, akikaa kwenye benchi la kanisa wengine wanasogea. Kwa hiyo nilijua ninamtafuta mzee mkubwa.

Hatukwenda mbali. Kwenye kona akatokea mzee mkubwa, mabega kama kabati, na juu ya mabega hayo sweta la kijani. Shingo yenye ukingo wa mistari miwili. Kazi ya mikono yangu! Nilirukia kwenye mibuni, nikajifunika kitenge, nikitabasamu ndani yake. Analivaa! Wifi aliniongopea! Mzee akapita, akamsalimia Bwalya, akauliza, "Mwenzako ameona nyoka?"

Nilirudi njiani nikijipangusa. Kona ya pili, mzee mkubwa mwingine. Sweta la rangi ya damu ya mzee, ukingo wa mistari miwili. Nikarukia upande wa pili, kwenye mfereji wa maji, huku nikijiuliza ni nani aliyeniozesha kwa mtu mwenye baba wawili. Alipopita akaja wa tatu, mnene kuliko wote, kifuani sweta la kijivu la mwaka jana. Safari hii sikuruka kwa nguvu. Nilijikalia tu majanini, miguu imelowa, nikaelewa. Amewagawia watu. Masweta yangu yote, mwaka baada ya mwaka, amegawa kama nguo za mitumba.

Iliniuma, tena iliniuma vibaya. Bwalya akanipa mkono kunitoa. "Turudi?" Nikamwambia hapana, sasa nakwenda kwa hasira.

Ndipo akaja mzee mwingine, kadogo, kakavu, koti limechakaa, begani amebeba mzigo wa mianzi. Kimo cha mwanafunzi wa darasa la sita, kifua chembamba, mikono mifupi. Macho yangu yalishampima kabla sijayaambia. Huyu hakuwa na sababu ya kukwepwa. Nilisimama katikati ya njia na matope yangu, nikamwamkia kwa sauti, "Shikamoo mzee! Nyumba ya makorokoro ya kale iko wapi? Tena ungetusaidia kubeba hili begi, tumechoka." Nikamnyooshea begi na mkono wa salamu kwa pamoja.

Mzee yule aliutupa mzigo wa mianzi chini, akaruka kama swala, akapotelea migombani.

"Huyu naye ameona nyoka?" akauliza Bwalya.

"Masikini, atakuwa na maradhi," nikasema, na nikampangia mianzi yake vizuri kando ya njia.

Nyumba ya makorokoro

Tusekile alitupokea kwa vigelegele, akatupa maziwa ya mgando, akatazama kitenge changu chenye matope na kuuma midomo asicheke. Akasema mzee amesharudi, anapumua kwanza, lakini atatutembeza kwenye makumbusho. Nikauliza atatutembezaje na mila ilivyo. "Yeye atakaa nje dirishani," akasema. "Vitu vyote anavijua vilipo."

Ndivyo ilivyokuwa. Nyumba ina vyumba viwili vya matofali ya udongo. Sisi tukawa ndani, na nje ya dirisha, pembeni, ikasimama sauti. Sikumwona mtu. Niliona kivuli cha kofia tu kikiwa kimelala sakafuni, nacho nilijitahidi kutokikanyaga.

"Mwambie mgeni," sauti ikamwambia Bwalya, "hapo kushotoni ni mivukuto ya wafua chuma."

"Anasema hiyo ni mipira ya kuvuta chuma," Bwalya akaniambia.

"Mwambie ni ya kuwashia moto."

"Anasema usiishike, utaungua."

Ikaendelea hivyo. Majembe ya zamani, mzinga wa nyuki, pasi ya mkaa, redio kubwa kama kabati ambayo mzee anasema ilikula betri kuliko familia ilivyokula ugali. Kila neno lilitoka dirishani, likapita kwa Bwalya, likanifikia likiwa limenenepa. Nilikuwa nimekuja kwa hasira, nikawa nacheka ndani ya kitenge, na sauti ya nje nayo ilianza kukwama kwa kicheko.

Tulipoingia chumba cha pili, Tusekile akaita kutoka jikoni kwamba ndizi zimeiva. Bwalya akasikia neno ndizi. Kabla sijamkamata alishatoka.

Nikabaki peke yangu na ile sauti, bila mtu wa katikati. Sikujua kama niondoke. Katikati ya chumba kulikuwa na chungu kikubwa cha pombe, cha zamani, kimevunjika mdomo. Nje sauti ikakohoa.

"Chungu," ikasema. "Umebaki wewe. Mwambie mgeni atazame nyuma ya mlango."

Nikausogeza mlango. Nyuma yake, juu ya mianzi iliyofungwa msalaba kama mabega ya mtu, lilikuwa limetandazwa sweta la buluu. Ukingo wa mistari miwili. La kwanza kabisa nililomfumia.

"Chungu, mwambie lilipofika nililivaa. Likanifika magotini. Mikono ikapita vidole, na binti yangu alicheka mpaka akakaa chini. Nikataka kupeleka habari kwamba ni kubwa. Nikawaza, nitamwambiaje mkwe kwamba kazi yake imepotea? Atadhani nimemkataa. Nikanyamaza, nikamkataza na binti yangu asiseme. Mwaka uliofuata likaja kubwa zaidi."

Kweli lilikuja kubwa zaidi. Kila mwaka nilimpima mume wangu, na kila mwaka mume wangu alizidi kunenepa. Ndipo akili ikanirudi nyuma mpaka njiani, kwenye kimzee chenye mianzi, na begi langu, na mkono wangu ulionyooshwa. Nilitamani kuingia ndani ya chungu.

"Chungu, mwambie yale mengine niliwapa wazee wenye miili, wavae kanisani, kijiji kione. Wakiulizwa nani kafuma, wamefundishwa kusema ni mkwe wangu wa Tunduma. Hili la kwanza sikumpa mtu. Wageni wakifika hapa nawaambia, vitu vyote humu ni vya watu waliotangulia isipokuwa hiki. Huyu aliyefuma hajawahi kuniona, akanikadiria hivi. Hakuna mtu duniani aliyewahi kunidhania mkubwa kiasi hiki."

Nililia, wenzangu. Nililia na kucheka kwa pamoja, nimelishika lile sweta kwenye mkono wake. Miaka yote nilikuwa nasikiliza kile kimya na kukisoma vibaya.

Nilipoweza kusema nikasema, "Chungu, mwambie njiani leo nimemkosea. Sikujua."

Kivuli cha kofia kilitikisika. "Chungu," sauti ikajibu taratibu, "mwambie mgeni njiani leo hakukutana na mtu. Alikutana na mzigo wa mianzi tu. Na mwanzi mmoja wa mzigo huo nitauacha kizingitini. Auchukue akiondoka."

Nikasikia hatua zikienda zake, hatua nyepesi za mtu mdogo.

Kurudi na mwanzi

Tulikula ndizi na maharage mpaka Bwalya akaomba kulala pale pale, tukalala. Asubuhi mwanzi ulikuwa kizingitini kweli. Umekatwa kwa urefu wa mgongo, kutoka shingo hadi kiunoni, na juu yake kuna alama za kisu. Tusekile akanieleza: alama hii ni mkono, hii ni bega kwa bega, na hii ni nusu ya kifua. "Jana jioni alinifanya nimpime," akasema. "Alisimama wima kama askari. Ndaga, wifi, kwa kuja. Nimechoka kutunza siri ya masweta."

Kwenye gari kondakta alitaka mwanzi upande juu na mizigo. Nikamwambia huu ni mtu, na mtu hapandi juu. Bwalya akaushika katikati ya magoti yake njia nzima mpaka Mpemba, na kila kona alipoogopa aliukumbatia.

Kwa kweli sikuuhitaji. Macho yangu yalishampima siku ile njiani, na nilipolinganisha, hayakukosea hata kidogo. Lakini kwa kuwa sikukutana na mtu, nilifuma kwa mwanzi. Ni sweta la buluu, dogo, linalomtosha mwanafunzi wa darasa la sita, na ndilo lililonichukua muda mrefu kuliko yote kwa sababu mlikuwa mnaingia na kuuliza ilikuwaje. Mume wangu alilipeleka mwenyewe wiki iliyopita, akiwa ameshasikia kutoka kwangu ninachofikiri juu ya jibu lake la "kama mimi tu."

Jana Tusekile alinipigia simu. Nikauliza kama limefika. Nilisikia anatembea, nikasikia mlango wa mbao, kisha mwangwi wa kile chumba cha pili. Nadhani aliiweka simu juu ya kile chungu. Kikohozi. Halafu sauti ya mbali kidogo, ya mtu aliyesimama nje ya dirisha.

"Chungu, mwambie limenitosha."